Ingia Bayosi Kwanza: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kugeuza Diski ya MBR Kuwa GPT

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kila anayeingia kibandani kwangu hapa Chake Chake na laptopu kwapani anataka kuwekewa Windows 11. Hiyo inataka mashine yenye UEFI, yaani njia mpya ya kuiwasha mashine, na Windows ikiwaka kwa UEFI diski yake ya mfumo lazima iwe na mpangilio wa kugawa diski uitwao GPT, si MBR ya zamani. Chombo cha kugeuzia, mbr2gpt, kimo ndani ya Windows yenyewe tangu toleo la 1703 la mwaka 2017. Kikikubali, humaliza kabla kahawa haijapoa. Tabu ni kinapokataa, na tabu kubwa zaidi ni kinapokubali halafu mashine isiwake.

Hilo la pili lilinipata mimi. Mwalimu mmoja wa skuli alikuja kutoka Wete na laptopu ya mtumba, safi kabisa, stika ya ofisi ya Ulaya bado imeng'ang'ania mgongoni. Nikageuza diski, kazi ikaisha salama, nikazima ili niingie bayosi, ule ukurasa wa mipangilio ya mashine unaofunguka kabla ya Windows, kubadilisha Legacy, yaani uwashaji wa zamani, kuwa UEFI. Nabonyeza F2, kikatoka kisanduku cheusi kinadai nywila. "Fundi, mimi si nimeshainunua? Nywila ya nani tena?" Nywila ya wale waliokuwa nayo, maalim, na hao hatuwajui. Diski imeshakuwa GPT, mashine imekwama kwenye Legacy, na mbr2gpt hairudi kinyumenyume. Nilifungua mfuniko, nikatoa diski, nikanakili mafaili yake kwenye mashine nyingine, kisha nikaweka Windows upya kwa MBR ileile. Siku nzima ilikwenda, na hela ya kazi niliona haya kuidai.

Kwa hiyo, kabla ya yote, ingia bayosi. Hakikisha inafunguka, hakikisha UEFI imo na inakubali kuchaguliwa, kisha toka bila kubadilisha chochote. Mashine nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8, yaani kuanzia 2012, zinayo. Ukiwa humohumo tazama kama kuna TPM 2.0, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11, na jina la prosesa ulilinganishe na orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubaliwa. Mtumba mwingi unaoshushwa hapa kwetu haumo kwenye orodha hiyo, na kugeuza diski yake kwa ajili ya Windows 11 ni kujichosha.

Pili, huenda diski ni GPT tayari. Fungua diskpart, chombo cha Windows cha kusimamia diski kwa amri, andika list disk, utazame safu ya Gpt: penye nyota hapahitaji kazi. Kisha toka humo upesi. Amri ya clean, inayofuta diski nzima, ni herufi tano tu na haikuulizi mara mbili. Ukiikosea nambari ya diski, inayofutika inaweza kuwa ile ya nje yenye bekapu yako. Bekapu yenyewe naichukulia kuwa umeshaifanya, na umeshafungua faili mbili tatu kuona kama zinasomeka.

Kinachokatalisha mara nyingi ni idadi ya patisheni, yaani vipande ilivyogawiwa diski. Mbr2gpt haitaki zaidi ya tatu za msingi, na haitaki kabisa patisheni ya nyongeza yenye vyumba ndani yake. Laptopu iliyopita kwa mafundi wanne huwa na D, E na F, kila mmoja alikata kipande chake. Hamisha vilivyomo, futa zile zisizo na kazi, ndipo ujaribu tena.

Kosa jengine linawachanganya watu: chombo kinasema hakioni patisheni ya mfumo, na C unaiona hiyo hapo. Mara nyingi ni rekodi ya kuwashia iliyobaki ikielekeza kwenye mazingira ya uokoaji yaliyokwisha futwa. Andika reagentc /info kuona hali ya mazingira hayo, kisha bcdedit /enum all kuorodhesha rekodi za kuwashia, utafute kiingilio chenye kifaa kisichojulikana. Kabla ya kukiondoa, hifadhi nakala ya rekodi kwa bcdedit /export.

BitLocker, kufuli ya Windows inayofumba data ya diski, isimamishwe kwa muda, na ufunguo wake wa kuokolea uandikwe kwenye karatasi, usiwe ndani ya laptopu hiyohiyo.

Halafu umeme. Pemba tunaupata kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, lakini ukikatika umekatika tu, na betri za mtumba nyingi zimebaki pambo. Kama betri haishiki hata nusu saa, azima UPS, ile betri ya akiba ya nje, au ngoja.

Sasa ndiyo uandike mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi, sifuri ikiwa ndiyo nambari uliyoiona kule diskpart. Hii inakagua tu, haigusi kitu. Ikikataa usiirudierudie; soma setuperr.log na setupact.log ndani ya folda ya Windows, sababu imeandikwa humo. Ikipita, weka /convert mahali pa /validate. Kikimaliza, zima, ingia bayosi, chagua UEFI, hifadhi. Windows ikishafunguka andika reagentc /enable kurudisha mazingira ya uokoaji, na BitLocker uirudishe kazini.