Printa ya lebo za kadi za QSL: angalia utepe kabla ya bei

Kadi ya QSL, ile ambayo wanaredio wa ridhaa hutumiana kuthibitisha kwamba waliwasiliana hewani, ikitoka Unguja kupitia ofisi za kubadilishana kadi huweza kuchukua mwaka na zaidi kumfikia mwenyewe Japani au Marekani, naye akiipata ataiweka miaka mingi. Kwa hiyo dukani, ukitafuta printa ya lebo za taarifa za mawasiliano hayo, uliza kwanza kama maandishi yatadumu.

Zile printa ndogo zinazotoa lebo za bei madukani hazina wino wala utepe wa kuchapia: karatasi yenyewe hugeuka nyeusi ikipata joto. Brother QL na Dymo LabelWriter zimo humo. Ni safi na rahisi kutumia, ila lebo yake hufifia kama risiti ya dukani. Jua, joto na mafuta ya mkono huimaliza. Kuitambua, kwaruza lebo tupu kwa ukucha, haraka na kwa nguvu. Ikitoka alama nyeusi, iache kwa bahasha, usiibandike kwenye kadi.

Kwa kadi tafuta printa ya utepe. Kwenye printa za Zebra soma herufi ya mwisho ya jina: GK420t inatumia utepe, GK420d haitumii, na kwa mbali zinafanana. GK420t huchapa nukta 203 kwa inchi, zinazotosha mawasiliano mawili matatu kwenye lebo moja. Ukitaka mistari mitano ya herufi ndogo, GX430t ya nukta 300 ni bora zaidi, hata ikiwa imetumika.

Utepe wa nta ni rahisi lakini husuguka. Wa nta na resini ndio unaofaa lebo ya karatasi. Uwe mpana kidogo kuliko lebo, la sivyo kingo za lebo zitakisugua kichwa cha kuchapia na kukila. Wengi hukwama kwenye kiini, yaani bomba ambalo utepe umezungushiwa: GK420t na GX430t zinataka utepe wa mita 74 wenye kiini cha nusu inchi, na ule mkubwa wa viwandani hauingii. Kwa lebo ya urefu wa mm 40 na nafasi ya mm 3, mita 74 hutoa lebo kama 1,700.

Anayetuma kadi thelathini kwa mwaka hahitaji haya yote. Printa ya leza na karatasi ya A4 yenye lebo 21 zinamtosha. Karatasi iliyokwisha kubanduliwa lebo usiirudishe ndani: kingo huinuka, lebo ikanasa kwenye rola ya moto, na hapo ni fundi tu.

Kadi ni sm 9 kwa 14, hivyo lebo ya mm 70 kwa 40 inakaa vizuri. Saa iwe ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Mawasiliano ya saa saba na nusu usiku kuamkia tarehe 15 Machi huandikwa 22:30, tarehe 14. Ukikosea tarehe hapo, mpokeaji anaweza kuikataa kadi. Mwezi uandike kwa herufi, na sifuri iwe na mkwaju. Kama kadi haikuchapwa jina la kisiwa, weka kwenye lebo Unguja na AF-032, namba yake katika orodha ya visiwa ya wanaredio iitwayo IOTA, maana ndicho wanachokitafuta wanaredio wanaokusanya kadi za visiwa.

Rola zitunze kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu. Masika karatasi hujikunja na gundi hutoka pembeni, ikaganda kwenye kichwa. Kisafishe kila ubadilishapo utepe, printa ikiwa imezimwa na kupoa, kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili. Mstari mweupe unaokwenda na urefu wa lebo ukibaki palepale baada ya kusafisha, nukta imeungua, kichwa kibadilishwe. Utepe ukikunjamana, punguza joto kwanza. Printa ikiruka lebo tupu, pima upya nafasi kati ya lebo.

Na kwa printa iliyotoka Marekani, soma adapta: isipoandikwa 100–240V, usiichomeke kwenye umeme wetu wa 230.