Majani ya kulinda ini la kondoo, navofanya mimi huku Moshi

Nafuga kondoo huku chini Moshi, upande wa mashamba ya mpunga, na kila mtu ananiuliza majani ya kulinda ini, mlonge tu, mlonge tu. Ngoja kwanza, hauwezi kujaza ndoo inayovuja.

Hatua ya 1: ondoa kinachoua ini. Pumba au mashudu ya alizeti yakinuka ukungu tupa, usiseme kondoo hajali, sumukuvu inaishia kwenye ini. Halafu madini. Hapa nililia mimi, niliuziwa dukani madini ya ng'ombe nikaambiwa yanafaa wanyama wote, kumbe kondoo hawezi kutoa shaba mwilini kama ng'ombe, anaitunza kwenye ini miezi na miezi, haoneshi kitu, siku akipata msukosuko kidogo tu, safari au njaa, inamwagika yote kwenye damu, macho yanakuwa ya njano, mkojo mweusi kama kahawa, na hapo huna muda. Nilizika wanne. Nunua yaliyoandikwa ya kondoo, na chakula cha kuku au nguruwe usimpe, kina shaba nyingi.

Hatua ya 2: minyoo bapa ya kwenye ini. Inatokana na konokono wa kwenye maji, kwa hiyo usichunge kando ya mifereji hasa majani yale mabichi ya ukingoni. Ukiona amevimba chini ya taya na kope kwa ndani ni nyeupe, muite mtaalamu wa mifugo. Dawa ya albendazole inaua minyoo bapa iliyokomaa tu, ile michanga inayotoboa ini inabaki, triclabendazole ndo inaua yote. Na jike mwenye mimba changa usimpe albendazole jamani.

Hatua ya 3: sasa ndo majani. Kata mlonge na lusina (mti wa malisho, leucaena), anika kivulini siku mbili tatu mpaka yavunjike mkononi ila yabaki kijani, juani yanapoteza vitamini. Mi kondoo wa kilo 30 nampa viganja viwili vya mlonge kwenye pumba, na lusina isizidi theluthi ya chakula chote cha siku kwa sababu ina sumu yake, ukizidisha manyoya yanapukutika. Anza kidogo kidogo wiki nzima. Faida kubwa ni protini, ini linaihitaji kujijenga upya, ila sio dawa ya minyoo, anayekuambia hivo anakuuzia.

Kiangazi angalia lantana, kile kichaka cha vimaua vya njano na pinki kwenye uzio. Kondoo mwenye njaa atakula, ini linafeli, jua linamchoma pua na masikio mpaka ngozi inabanduka. Ng'oa.

Siku ukichinja usikimbilie supu, pasua ini kwanza. Mirija ikiwa minene na ukibinya vinatoka vidude bapa kama vijani, wenzake walio bandani huenda nao wanavyo, rudi hatua ya 2.