Lisikilize gari wiki moja kabla ya kupanda Kitonga

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya na gari dogo, kupitia mlima mkali wa Kitonga, alisikilize gari lake wiki moja kabla, si asubuhi ya safari. Wiki inatosha kumwona fundi, kutafuta spea Kariakoo na kulijaribu gari tena. Mlio ukiugundulia Mikumi, ambako barabara inakatiza hifadhini kwa kama kilomita 50, hapo si pa kuingia chini ya gari.

Kwanza ondoa kelele za uongo. Toa chupa za maji chini ya viti, funga jeki na spana za kwenye buti, zima redio na feni ya kiyoyozi. Kisha teremsha vioo na upite polepole kando ya ukuta mrefu, kwa sababu ukuta hurudisha sauti za magurudumu ambazo barabara ya wazi huzimeza. Zingatia mlio unatokea wakati gani: ukikanyaga breki, ukikata kona, ukipita tuta, au mwendo ukipanda. Fundi akiambiwa hivyo anajua pa kuanzia. Akiambiwa tu "linalia mbele" ataanza kubahatisha, na kubahatisha kwake unakulipia wewe.

Breki zipewe muda kuliko kitu kingine. Mkwaruzo wa asubuhi unaoisha baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu kwa kawaida ni kutu nyepesi ya umande kwenye diski. Mlio mwembamba kama filimbi unaorudi kila siku ni habari nyingine: pedi nyingi (vipande vinavyobana diski ya gurudumu) zina kijibati kinachogusa diski zikikaribia kwisha. Chungulia katikati ya rimu na tochi. Pedi mpya huwa na unene wa kama milimita 10. Zikibaki 3, badilisha, na badilisha pande zote mbili za ekseli kwa pamoja. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma maana yake pedi imekwisha na diski inaliwa. Gari la namna hiyo lisiondoke kabisa. Kushuka Kitonga wakati wa kurudi breki hupata moto sana hata zikiwa nzima, ndiyo maana unashukia gia ndogo, na kwenye otomatiki unaweka 2 au L.

Kwa milio ya kona, tafuta uwanja mtupu, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole, kushoto kisha kulia. Tak-tak-tak inayofuata mwendo wa gurudumu ni CV joint, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu hata likikatwa kona. Kagua mpira wake: ukichanika, grisi inarushwa nje na mchanga unaingia. Ukiuwahi mpira kabla joint haijaanza kulia, fundi anasafisha, anaweka grisi mpya na mpira mpya, na gharama inakuwa ndogo mno kuliko joint nzima.

Mvumo unaopanda na mwendo huwachanganya wengi, kwani tairi zilizolika vibaya nazo huvuma. Wa tairi hubadilika ukitoka lami laini kwenda lami chakavu. Wa beringi ya gurudumu hubadilika ukipeleka usukani kidogo upande mmoja: ukienda kulia, uzito unahamia kushoto, na mvumo ukizidi shuku beringi ya kushoto. Thibitisha kwa jeki. Zuia magurudumu mengine kwa mawe, inua, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi au boljointi (kiungo kinachoshikilia gurudumu kwenye mikono ya chini ya gari) imekwisha. Likicheza ukishika pembeni tu, angalia tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu. Boljointi usiichukulie poa, maana ikichomoka gurudumu linalala na usukani hauna kazi tena. Mlio mdogo wa kugonga kwenye matuta, bila tairi kucheza, mara nyingi ni stabilaiza linki (kifimbo cha kuzuia gari kuyumba) au bushi (mpira wa kwenye maungio). Hizo ni bei nafuu, zibadilishwe tu.

Upande wa injini, kelele ya mkanda gari likiwashwa asubuhi huanza kwa mkanda uliolegea au kupasuka. Kama ni wa zamani, uwekwe mpya, na puli zake zizungushwe kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Tik-tik ya juu ya injini ikuelekeze kwenye kijiti cha oili kabla ya kitu kingine. Pima gari likiwa sehemu tambarare, dakika kadhaa baada ya kuzima. Kwa magari mengi madogo kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo. Mlio mzito wa kugonga chini ya injini unaofuata mafuta unayokanyaga ni beringi za koneksheni rodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenkishafti. Zima, ita gari la kuvuta, na safari iahirishwe. Oili nzito haiutibu mlio huo, hata ikiupunguza kwa siku mbili.

Magurudumu yakifunguliwa wakati wa matengenezo hayo, nati zikazwe kwa kuvuka upande hadi upande, gari likiwa chini. Toyota nyingi ndogo hutaka 103 Nm, kipimo cha nguvu ya kukaza kinachosomwa kwenye spana maalumu. Kisha tembea kilomita 50 hadi 100 za mjini ndani ya wiki hiyohiyo na uzikaze tena.