Modemu Ikikatakata, Isikilize Laini Kwanza

Modemu nyingi za kupiga simu, vile vifaa vinavyounganisha kompyuta na intaneti kupitia laini ya simu ya waya, ninazoletewa hapa Mombasa ati zimekufa ni nzima kabisa. Kibovu ni waya. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu shaba hula kutu ya kijani. Masika ikianza, simu za kuniita hazikomi, kuanzia Kizingo hadi Likoni.

Basi kompyuta iache. Chomeka simu ya kawaida isiyotumia stima, inua mkono wake, bonyeza tarakimu moja ili mlio wa laini unyamaze, kisha sikiliza. Laini nzima huwa kimya. Ukisikia mkwaruzo kama dagaa wanaokaangwa, pana kiungo kilicholegea au kilicholiwa na kutu. Mvumo mzito usiokatika aghalabu ni wa stima: waya wa simu umepitishwa pamoja na wa umeme. Nyumba za Mji wa Kale nimeona nyaya zote zimefungwa kwenye msumari mmoja. Zitenganishe.

Kisha nenda pale laini inapoingia nyumbani, chomoa nyaya zote za ndani, uunge simu hapo hapo. Bado inakwaruza? Tatizo liko nje, piga ripoti kwa kampuni ya simu. Na useme simu inakwaruza. Ukisema intaneti iko polepole utaambiwa ubadilishe modemu. Pakiwa kimya, ubovu uko ndani kwako: rudisha tawi mojamoja la waya hadi kelele irudi, ufungue soketi ya tawi hilo. Mara nyingi utakuta ncha ya waya imegeuka kijani chini ya skrubu. Ikate, menya mpaka shaba ing'ae, kaza tena. Usikwangue tu, kutu hurudi haraka. Nyaya tupu usizishike kwa mkono, maana simu ikilia hupita volti zipatazo 75 hadi 90, na wakati wa radi usiguse kabisa.

Simu za ziada zing'oe zote ujaribu tena. Huduma ya kudokeza simu ya pili (call waiting) nayo izime, mlio wake hukata mawasiliano.

Laini ya nje ikikataa kutengenezwa, punguza mwendo. V.90, ile kanuni ya modemu ya mwendo wa hadi biti 56,000 kwa sekunde, inahitaji laini safi. Kwenye kompyuta, katika nafasi ya amri za ziada za modemu, andika AT+MS=V34, isipite 33,600; modemu isiyoijua amri hiyo itajibu ERROR, basi tazama kijitabu chake. Ongeza S10=50 ili isubiri sekunde 5 kabla ya kukata ishara ikipotea. Ikidai haisikii mlio wa laini nawe unausikia, jaribu ATX3, ipige bila kuusubiri. Kwangu mimi, 28,800 inayodumu saa nzima ni bora mara nyingi kuliko 44,000 inayokata barua pepe katikati, hasa kwa ofisi zinazosubiri karatasi za mizigo ya bandarini.