Jinsi ya kurudisha majibu ya utafiti kijijini

Mama mmoja wa Kilolo, mkoani Iringa, alinisimamisha mlangoni kwake nikiwa nimebeba ubao wa kupimia urefu wa watoto. "Wale wa mwaka juzi nao walipima, wakaandika, wakaondoka. Majibu yao yako wapi?" Sikuwa mmoja wao, lakini sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sikubali kazi ya utafiti kabla sijaona kwenye bajeti fungu la kurudi kijijini. Na wewe msaidizi wa utafiti, anza hapo. Nauli ya kurudi ikikosekana mwanzoni, mwishoni haitapatikana, maana fedha zitakuwa zimekwisha kwenye uchambuzi na kuchapa ripoti.

Kurudi kuna njia yake, kama ile uliyopita mara ya kwanza ukiwa na kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia: mkoa, wilaya, kata, kisha kijiji. Mpelekee mtendaji wa kijiji muhtasari wa ukurasa mmoja kabla ya siku yenyewe, umwombe nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo usiitishe wa kwako. Kama habari ni ya watoto, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ni bora zaidi, kwa sababu akina mama wanakuja na watoto wao na mhudumu wa afya yupo. Ila baba zao utawakosa, nao ndio wenye kauli juu ya kuku na mayai yanayouzwa. Mimi huomba siku zote mbili. Novemba na Desemba hubaki nyumbani, watu wanapanda mahindi.

Ukifika, salimia kwanza kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, usubiri waitikie. Usianze na kompyuta.

Sasa namba. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi mno kwa umri wake, kwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano nchi nzima. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, juu kuliko mikoa yote. Ukiitamka hivyo hivyo mkutanoni, itapita juu ya vichwa vya watu. Mimi huchukua punje 100 za mahindi, nikawaomba akina mama wawili wazihesabu kwenye ungo, kisha watenge 57. Wakimaliza, nyamaza. Ungo wenyewe utasema.

Swali la kwanza huwa moja kila kijiji: "Mbona chakula tunacho?" Ni swali la haki, maghala ya huku yana mahindi na viazi. Lijibu taratibu. Tumbo la mtoto linaweza kujaa ugali na uji mtupu huku mwili wake ukikosa maharage, mayai, maziwa, mboga na matunda. Kuharisha mara kwa mara kunamnyang'anya hata kile kidogo alichokula. Tena yapo mambo ya kazi: mama anaondoka alfajiri kwenda shambani, na mdogo anabaki na dada yake wa miaka minane, analishwa mara mbili kwa siku. Hapo usimtupie mama lawama. Uliza mkutano nani angeweza kumpunguzia mzigo, hasa katika zile siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba hadi mtoto atimize miaka miwili.

Swali la pili hutoka kwa wazee: "Ukoo wetu ni wafupi." Waeleze kipimo kilikotoka. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vyake mwaka 2006 baada ya kupima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, na ikaonekana kwamba watoto waliotunzwa vizuri hukua kwa namna inayofanana sana hadi miaka mitano, awe mweusi au mweupe. Eleza pia kwamba mtoto mmoja mfupi si lazima awe amedumaa. Neno hilo lina uzito, na nimewahi kuona mama akilia kwa kuambiwa mbele ya majirani.

Kwa hiyo usiseme la mtu mmoja hadharani. Kijiji ni kidogo. Ukisema "mama mmoja mwenye mapacha," umemtaja jina. Anayetaka majibu ya mwanawe mpe pembeni, pamoja na mhudumu wa zahanati.

Mwisho acha nusu ya muda wako wakusahihishe, na uwe na mtu wa kuandika. Kule Mufindi, wilaya nyingine ya Iringa, mzee mmoja alisimama akasema dodoso letu lilihesabu kaya kwa mlango, wakati kwake milango mitatu inakula chungu kimoja, na wajukuu wanashiba popote pale. Tulikuwa tumeandika kwamba kaya mbili kati ya hizo hazikupika kabisa siku ya jana yake. Tulirudi kwenye madaftari, tukazitafuta nyumba za namna hiyo moja moja, na jedwali la milo likaandikwa upya kabla ripoti haijakwenda chuoni.