Kuvuta Uradi Moyo Unapokuwa Mzito

Baada ya swala ya alfajiri, usiinuke haraka kuishika simu. Baki juu ya mswala, tuliza pumzi, kisha vuta uradi kwa sauti unayoisikia mwenyewe: Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 33, ukikamilisha 100 kwa La ilaha illallah. Tasbihi husaidia, ingawa pingili za vidole vya mkono wa kulia zinatosha, na kwa maoni yangu ni bora zaidi, kwa kuwa humlazimisha mtu kuwa makini na hesabu yake. Mawazo ya deni, ugonjwa au msiba yakikuvamia katikati, usishindane nayo wala usianze upya. Rejea tu kwenye tamko ulilolifikia. Usiku, kabla ya kulala, takbiri, yaani Allahu Akbar, huwa 34.