Mteremko mmoja, udongo wa aina tatu: jinsi ya kusoma udongo na mimea ya Dodoma kabla ya mtihani

Swali la ikolojia likitaja Dodoma, watahiniwa wengi hujibu kwa sentensi moja: mvua ni chache, ndiyo maana mimea ni michache. Mvua ni chache kweli, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini panda kilima chochote cha graniti pembezoni mwa mji, kisha shuka taratibu hadi mbugani, yaani tambarare iliyo chini ya mteremko. Katika umbali mfupi utapita miti iliyojibanza kwenye nyufa za mawe, vichaka vya miiba, halafu nyasi zenye miti ya kuhesabu. Mvua iliyonyesha juu ndiyo iliyonyesha chini. Kilichobadilika ni udongo, na namna unavyopokea na kushika maji.

Mfuatano huo unaitwa katena, kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo lilitolewa mwaka 1935 na Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Yaani dhana hii imezaliwa hapa hapa nchini, nayo inastahili kutajwa kwenye jibu lako.

Hatua ya 1: Chagua mstari

Omba ruhusa kwa mwenye eneo. Weka alama sehemu tatu: karibu na kilele, katikati ya mteremko, na chini mbugani. Kaa mbali na njia za ng'ombe, mifereji na mashamba, la sivyo utapima kazi ya watu na mifugo badala ya mteremko. Machi na Aprili ndiyo miezi mizuri, kwa sababu nyasi zina maua na hutambulika. Ukienda Septemba, nyasi za msimu mmoja zipo ardhini kama mbegu tu, na utaandika "ardhi tupu" mahali ambapo si tupu.

Hatua ya 2: Chimba na utazame rangi

Chimba shimo la sentimita 50 kila sehemu, au mpaka ugonge mwamba. Kabla ya kugeuza jiwe, lisukume kwanza kwa jembe. Nge hupenda kulala chini yake.

Juu utakuta udongo wa kichanga, wa chengachenga, wenye kina kifupi na vipande vya mawe. Katikati mara nyingi ni mwekundu: hewa inapita vizuri, hivyo chuma kilichomo kinashikana na oksijeni na kupata rangi ya kutu. Ukishuka zaidi rangi hufifia kuelekea kijivu, dalili kwamba maji hutuama na oksijeni hupungua. Mbugani ni mweusi, unanata ukilowa na kupasuka ukikauka. Weusi huo huwadanganya wengi wakaandika "mboji nyingi". Hapana, mboji yake kwa kawaida ni kidogo. Ukiona vijiwe vyeupe, vidondoshee siki. Vikitoa povu, ni chokaa.

Hatua ya 3: Kipimo cha chupa

Hapa ndipo alama nyingi hupotea, kwa hiyo usikimbie.

Tafuta chupa tatu za pande zilizonyooka. Chupa yenye mikunjo itakuharibia vipimo. Anika udongo, uvunje kwa vidole, uchekeche kwa matundu ya milimita 2. Jaza theluthi moja ya chupa, ongeza maji karibu na shingo na kijiko cha chai cha sabuni ya unga. Tikisa kwa nguvu dakika 5, kisha iweke mahali isipoguswa. Baada ya dakika 1 weka alama: huo ni mchanga. Baada ya saa 2 weka alama ya pili: hapo katikati ni mchangatope, yaani chembe ndogo kuliko mchanga lakini kubwa kuliko mfinyanzi. Baada ya saa 48, kilichoongezeka juu ni mfinyanzi.

Tuseme tabaka zote kwa pamoja zina sentimita 10: mchanga 6.5, mchangatope 1, mfinyanzi 2.5. Gawanya kila moja kwa 10, zidisha kwa 100, upate asilimia 65, 10 na 25. Huo ni tifutifu wa kichanga wenye mfinyanzi.

Kosa la kwanza ni maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi huzigandisha chembe za mfinyanzi, zikaanguka mapema pamoja na mchangatope, na maji yakawa maangavu ndani ya muda mfupi. Tumia maji ya mvua. La pili ni kutikisa kivivu: mabonge ya mfinyanzi huzama na kuhesabiwa kuwa mchanga. Mwishoni sugua tabaka la chini kwa vidole. Likipakaa kama rangi, rudia. La tatu halina dawa: mfinyanzi wa mbuga huvimba majini, hivyo andika "makadirio".

Hatua ya 4: Maji yanapenya kwa kasi gani?

Kata kopo la maziwa pande zote mbili, lisukume ardhini sentimita 3, mimina mililita 250 na uhesabu muda. Rudia palepale, na utumie kipimo cha pili. Mbugani maji ya kwanza hukimbilia kwenye nyufa, ukadhani udongo unapitisha maji kuliko kichanga. Ukishavimba nyufa hufunga, na maji ya pili hukaa.

Hatua ya 5: Hesabu mimea

Tengeneza fremu ya mraba, yaani kwadrati, ya mita 1 kwa 1 kwa ajili ya nyasi. Kwa vichaka pima kwa kamba mita 10 kwa 10. Usirushe fremu, mkono huenda penye majani mengi au pasipo na miiba. Andika namba kwenye vikaratasi, uchanganye, uchague ndizo ziwe umbali wa kuweka fremu. Fanya fremu 10 kila sehemu.

Mmea uliopatikana katika fremu 4 kati ya 10 una marudio ya asilimia 40. Ikiwa jumla ni mimea 18, msongamano ni 1.8 kwa mita ya mraba. Toa vyote viwili: mmea unaoota kwa makundi huwa na msongamano mkubwa na marudio madogo.

Hatua ya 6: Andika sababu

Kila mmea uunganishe na maji. Juu, mvua huteleza kwenye mwamba na kujikusanya nyufani, ndiyo maana mti mkubwa unaweza kusimama penye udongo wa kiganja kimoja. Mbugani udongo unaojikunja na kutanuka hukata mizizi, na masika huinyima hewa; nyasi hustahimili, pamoja na migunga mifupi yenye vinundu vinavyokaliwa na sisimizi.

Jibu lenye alama kamili lina umbo hili: "Mbugani mfinyanzi ni mwingi, maji hupenya polepole na kutuama wakati wa mvua, mizizi hukosa oksijeni, kwa hiyo miti ni michache na nyasi hutawala." Kisha weka namba zako mbele ya kila kipande.